Uzoefu Haumkosoi Mhandisi

Kila msimu wa kuhuisha leseni unapofika, wahandisi wa Dar es Salaam na wenzao wa Nairobi hutoa malalamiko yanayofanana kama yametoka kinywa kimoja. Bodi ya usajili inataka ushahidi kwamba mtu amejiendeleza kitaaluma. Ushahidi ni alama, alama zinapatikana kwenye semina, na semina ina ada, nauli na malazi. Mtu anatoka huko na cheti na mkoba wenye nembo ya mdhamini. Mazungumzo yakikolea, mkongwe mmoja mwenye madaraja na maghorofa katika mikoa kadhaa huyafunga kwa kauli ambayo hakuna anayeijibu: "Nimejenga zaidi ya miaka thelathini na hakuna kazi yangu iliyoanguka. Nikafundishwe nini tena?"

Nataka kuijibu kauli hiyo. Malalamiko ya ada na semina yana ukweli ndani yake na nitayafikia. Lakini imani kwamba kazi iliyosimama inathibitisha ujuzi wa aliyeijenga ni ya hatari kuliko semina zote mbovu zikijumlishwa, na kinachonisumbua zaidi ni kwamba wanaoishikilia si wazembe. Ni watu waadilifu, ambao vijana wetu huwatazama na kutamani kuwa kama wao.

Niseme kwanza nisichokusudia. Sitalichukua jengo la ghorofa 16 lililoporomoka mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013 na kuua watu 36, nikaliweka mezani kama ushahidi wangu. Wala lile la Huruma, Nairobi, la Aprili 2016. Katika misiba ya namna ile kinachotajwa kwanza ni tamaa, ujenzi uliokiuka kibali na usimamizi uliolala, na mafunzo hayamtibu mtu aliyeamua kupunguza nondo makusudi. Ninazungumza na mhandisi aliyepiga hesabu kwa uaminifu, akasimamia kila nondo aliyoichora, na bado amekosea bila kujua.

Mpishi akizidisha chumvi ataambiwa mezani siku hiyo hiyo. Mhandisi wa majengo hana meza hiyo. Mzigo aliokadiria unaweza kuja mara moja katika miaka hamsini, au usije kabisa katika uhai wake. Tena kanuni zenyewe zimepangwa ili kosa dogo lisilete msiba. Waliosoma kwa kanuni ya Uingereza ya zege, BS 8110, wanakumbuka: uzito wa jengo lenyewe unazidishwa kwa 1.4, uzito wa watu na vitu kwa 1.6, kisha nguvu ya zege inagawanywa kwa 1.5. Akiba hiyo iliwekwa kwa ajili ya zege lililochanganywa vibaya, mzigo usiotarajiwa, fundi aliyekosea kipimo. Mhandisi naye akikosea hesabu kwa asilimia 20, akiba ile ile humbeba. Jengo linasimama, mteja analipa, na kosa linahamia kwenye jengo linalofuata. Baada ya majengo arobaini analo kosa alilolirudia mara arobaini, na kila mara amesifiwa. Anachoweza kusema kwa haki ni kwamba jumla ya makosa yake bado haijaimaliza akiba. Kama imebaki nusu au imebaki kidogo sana, jengo halimwambii.

Wahandisi wa California walilijua hili kwa gharama kubwa. Kwa zaidi ya miaka ishirini walijenga fremu za chuma ambazo mihimili yake ilichomelewa kwenye nguzo, wakiamini kwamba hakuna ujenzi unaostahimili tetemeko kuliko huo. Tarehe 17 Januari 1994 ardhi ikatikisika Northridge, Los Angeles. Ukaguzi uliofuata ukakuta nyufa kwenye maungio yaliyochomelewa, jengo baada ya jengo, mahali ambapo chuma kilitarajiwa kujipinda bila kukatika. Ilibidi maungio yapelekwe maabara na kuvunjwa upya kwa miaka kadhaa kabla ya miongozo mipya kutolewa mwaka 2000. Uzoefu wao ulikuwa mrefu na wa kweli, ila ulikuwa uzoefu wa miaka ambayo tetemeko la kuyapima maungio yale halikuwa limekuja.

Kisa cha daraja la Quebec, Kanada, ndicho ningependa kila mhandisi wa umri wangu akisome kwa utulivu. Mshauri wake mkuu, Theodore Cooper, alikuwa miongoni mwa wahandisi wa madaraja walioheshimiwa kuliko wote Marekani, mtu wa karibu miaka 70, na daraja hilo lilikuwa liwe kilele cha maisha yake ya kazi. Aliamua urefu kati ya nguzo kuu mbili uongezwe kutoka futi 1,600 hadi 1,800, yaani kutoka kama mita 488 hadi 549, urefu ambao ungekuwa mkubwa kuliko wa daraja jingine lolote la aina yake duniani. Uzito wa daraja haukupigiwa hesabu upya mapema. Hesabu ilipokuja kurekebishwa, chuma kingi kilikuwa kimeshatengenezwa, na Cooper akaridhia ziada ile ya mzigo. Alikuwa New York, afya haimruhusu kusafiri hadi darajani. Mhandisi kijana aliyekuwa kwenye eneo la kazi aliona vyuma vya chini, vile vinavyobeba mgandamizo, vimeanza kupinda, akaandika, akaulizwa maswali, mwishowe akasafiri kwenda kumweleza mzee ana kwa ana. Cooper alielewa, akapeleka simu ya maandishi kwamba daraja lisiongezewe mzigo. Jioni hiyo hiyo, tarehe 29 Agosti 1907, lilianguka. Kati ya watu 86 waliokuwa juu yake, 75 walikufa.

Tume iliyochunguza ilimlaumu yeye na msanifu mwenzake kwa makosa ya uamuzi, lakini ilisema pia jambo linalotuhusu zaidi: elimu ya wakati ule kuhusu vyuma vikubwa vya mgandamizo ilikuwa haitoshi. Majaribio yalikuwa yamefanyika kwa vyuma vidogo. Ustadi wote wa Cooper ulijengwa kwenye madaraja madogo kuliko lile, na hakuna hata moja kati ya hayo lililoweza kumwonya. Nani mwingine angeweza kumwonya? Mwenzake, kwa kuikagua hesabu yake. Maabara, kwa kuvunja chuma cha ukubwa ule. Na kijana yule, ambaye alijaribu.

Hapa kwetu yule kijana angekuwa na kazi ngumu zaidi. Mila zetu za heshima, ambazo nazipenda, hazimpi mdogo nafasi rahisi ya kumwambia mkubwa wake kazini kwamba hesabu hii haiko sawa. Atazunguka, ataanza na samahani nyingi, pengine atanyamaza kabisa. Mafunzo yanayowakalisha mzee na kijana darasa moja, mbele ya mwalimu mmoja na hesabu moja, yanafungua mlango ambao ofisini huwa umefungwa. Nimeona wazee wakiulizwa na vijana maswali ya haki katika vikao vya aina hiyo, heshima ikabaki palepale na hesabu ikarekebishwa.

Kuna wanaosema: sawa, basi mtu ajifunze tatizo likitokea. Hao nawapeleka London. Juni 2000 daraja la waenda kwa miguu juu ya mto Thames, lililopewa jina la milenia, lilifunguliwa kwa shangwe na kufungwa siku mbili baadaye kwa sababu lilianza kuyumba kushoto na kulia chini ya umati. Watu wakitembea juu ya kitu kinachoyumba kidogo hujikuta wanalinganisha hatua zao nacho ili wasianguke, na hatua hizo zilizolingana hukisukuma kiyumbe zaidi. Wasanifu walikuwa kampuni ya Arup, miongoni mwa bora duniani. Walifunga vizuia mtikisiko, daraja likafunguliwa tena 2002, na kwa sifa yao waliyachapisha matokeo ya majaribio yao bila kuficha. Lakini jambo lenyewe lilikuwa limeshaandikwa. Mwaka 1993 Yozo Fujino na wenzake wa Japani walichapisha vipimo vya daraja la waenda kwa miguu lililoyumba kwa namna hiyo hiyo, katika jarida la wataalamu wa matetemeko ya ardhi. Wasanifu wa madaraja hawakuwa na mazoea ya kulisoma jarida hilo. Miaka saba jibu lilikuwa maktabani.

Turudi nyumbani, maana huku mambo hayo hayako mbali. Mwanafunzi wa zege wa mwaka 1980 alikuwa na CP 110, kanuni ya Uingereza ya 1972. Mwaka 1985 ikaja BS 8110. Mwaka 2010 Waingereza wenyewe wakaiondoa na kushika kanuni ya Ulaya, Eurocode 2. Hadi leo ofisi nyingi za Afrika Mashariki zinaitumia BS 8110 kama vile haikuondolewa, na mhandisi ukimuuliza kwa nini, anakujibu kwamba ndiyo anayoijua. Simlaumu kwa kuitumia. Jengo lililosanifiwa vizuri kwa BS 8110 ni jengo salama. Ninachomuuliza ni kama anajua kwamba kanuni iliyoondolewa haina tena kamati inayoirekebisha. Utafiti mpya ukionesha udhaifu ndani yake, hakuna waraka utakaomfikia.

Kwenye maji tuko pabaya zaidi. Wengi wetu tulifundishwa kukadiria mafuriko ya vijito kwa mfumo uliotengenezwa na maabara ya utafiti wa barabara ya Uingereza mwaka 1976, mahsusi kwa Afrika Mashariki, kutokana na vipimo vya mabonde madogo ya Kenya na Uganda. Ilikuwa kazi nzuri na bado ina faida. Ila mvua zilizoingizwa mle ni za zamani, na mabonde mengi yaliyokuwa msitu siku zile leo ni mashamba na mabati. Mei 2024 kimbunga Hidaya na mvua zake vilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi maeneo ya Kilwa. Siku chache kabla, huko Mai Mahiu nchini Kenya, njia ya maji chini ya tuta la reli iliziba kwa magogo na matope, maji yakajikusanya nyuma ya tuta kama bwawa, kisha yakapasua usiku na kuua watu zaidi ya 40 waliokuwa wamelala. Hesabu ya kawaida ya kalavati huhesabu maji tu, haihesabu magogo. Mhandisi wa wilaya aliyesanifu makalavati mia moja ambayo hayajawahi kuziba hawezi kulijua hilo kutokana na makalavati yake. Atalijua kwa kuelezwa yaliyotokea Mai Mahiu, kwa michoro na vipimo, na mtu aliyefika pale. Huko kuelezwa ndiko kujiendeleza kitaaluma, na sijui jina jingine la kukuita.

Siku hizi kuna hoja mpya, kwamba programu za kompyuta zinaingizwa kanuni mpya kila mwaka, basi mhandisi ataenda nazo. Agosti 1991 msingi wa zege wa jukwaa la mafuta la Sleipner A ulizama katika ghuba moja ya Norwei ukiwa kwenye majaribio, hasara ikakaribia dola milioni 700. Programu ilikuwa nzuri. Waliogawanya umbo la ukuta ndani yake waliligawa kwa vipande vikubwa mno, ikatoa nguvu ya mkato pungufu kwa asilimia 47. Majukwaa mengine ya aina hiyo yalikuwa yamesimama baharini miaka mingi, na hakuna aliyeliona jibu lile akashangaa. Kompyuta inahitaji mtu anayejua jibu la takriban kabla hajabonyeza, na ujuzi huo unachakaa usipotumiwa.

Sasa nije kwenye semina. Wanaosema alama zimegeuka bidhaa wana haki ya kulalamika. Zipo semina ambazo mada yake ni hotuba ya mgeni rasmi, wauzaji wa rangi na mabomba wanapewa saa nzima, na anayesinzia nyuma anapata alama sawa na aliyeuliza maswali. Kuhudhuria kunahesabika, kujua hakupimwi. Mhandisi wa halmashauri ya Kibondo akitaka alama anasafiri siku mbili kwenda Arusha au Dar es Salaam, akiacha barabara zake msimu wa mvua, na mara nyingi kwa fedha yake mwenyewe. Ninakubali yote hayo. Nisichokubali ni hatua inayofuata, ambapo ubovu wa semina unageuzwa kuwa sababu ya kutokusoma. Anayeacha semina mbovu ajiunge na wenzake watatu kukagua michoro ya kila mmoja kila mwezi. Ningempa alama nyingi kuliko za hoteli. Wengi wanaoiacha semina hawafanyi hivyo. Wanarudi kwenye miaka yao thelathini.

Angalia pia tulivyoupanga msaada wetu. Tangu 2003 Tanzania ina mpango wa mafunzo ya vitendo kwa wahandisi wahitimu unaosimamiwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ambapo kijana anafuatwa na msimamizi, anaandika alichofanya, anakaguliwa. Ni mpango wa maana. Akishasajiliwa na kula kiapo, anafikia umri wa miaka 45, anapewa miradi ya mabilioni, na hapo ndipo jicho la kumkagua linapokuwa hafifu kuliko wakati wote. Tumeelekeza uangalizi kwa mwenye mamlaka kidogo tukamwacha mwenye mamlaka makubwa.

Hoja ya mwisho ninayoisikia ni ya kukata tamaa: miradi mikubwa inajengwa na wageni, wetu wasome wakafanye nini? Jibu lipo Olkaria, karibu na Naivasha. Mtambo wa kwanza wa mvuke wa ardhini pale ulianza 1981, wa megawati 15. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 Iceland iliendesha mafunzo ya miezi sita chini ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa kwa wataalamu walioko kazini. Hawakuchukuliwa waliomaliza shule jana. Alichukuliwa mtu mwenye kisima chake na tatizo lake, mara nyingi akija na takwimu za eneo lake, akazifanyia kazi na walimu, akaandika ripoti iliyochapishwa, akarudi kwenye kisima kile kile. Kenya ilipeleka watu wengi kuliko nchi nyingine yoyote, mwaka baada ya mwaka, hata nyakati ambazo mradi ulikuwa umedorora. Baadaye kozi fupi zikahamia Naivasha kwenyewe, Wakenya wakiwafundisha majirani. Leo Kenya ina zaidi ya megawati 900 za umeme wa mvuke wa ardhini, na kampuni yake ya KenGen imepata kandarasi za kuchimba visima Ethiopia na Djibouti. Kama wahandisi wale wangesema shahada inatosha, visima vya Olkaria vingekuwa vya wageni hadi leo.

Tanzania iko mwanzoni mwa njia hiyo. Bwawa la Julius Nyerere lina ukuta wa zege wa zaidi ya mita 130 na mitambo tisa yenye jumla ya megawati 2,115. Treni za umeme zilianza kubeba abiria 2024. Waliojenga wataondoka. Ukuta utabaki na vipimo vya mvujo na vya mgandamizo vinavyotakiwa kusomwa kila siku kwa miaka mia, na atakayevisoma lazima awe anajua mabwawa mengine duniani yalisema nini kabla hayajapasuka. Mhandisi wetu bado hana uzoefu mrefu wa ukuta wa namna ile. Elimu hiyo itatoka nje ya maisha yake mwenyewe au haitakuwepo.

Kwa hiyo ninadai mambo mawili. La kwanza ni ripoti. Uingereza tangu 2005 ina utaratibu wa siri wa kuripoti kasoro za majengo, ambapo mhandisi anaandika alichokiona, majina yanaondolewa, na somo linatumwa kwa wote. Sisi huunda tume kila jengo linapoanguka, na yale ambayo mhandisi wa wilaya nyingine angejifunza hayamfikii mezani. Bodi zetu zichukue sehemu ya kiufundi ya kila ripoti, ziondoe majina kama sheria inataka hivyo, na kuisoma na kuijibia maswali kuwe ndiyo njia ya kwanza ya kupata alama, kwa simu, bila nauli, mhandisi akiwa Kibondo au Lamu.

La pili ni fedha. Mkandarasi anaandika kwenye zabuni gharama ya vipimo vya udongo, ya kofia ngumu na ya choo cha muda, na mteja anazilipa bila ubishi. Siku za kusoma za mhandisi msimamizi, pamoja na ada ya mhandisi wa nje atakayeikagua hesabu yake kabla zege halijamwagwa, ziwe mstari kwenye jedwali hilo hilo la gharama, kuanzia miradi ya serikali, na zabuni isiyo na mstari huo irudishwe.